Jeshi la Wananchi Lisipimwe kwa Lafudhi

Ndugu wananchi, wako watu wasemao ati kijana wa Ngara akifungua kinywa, ikasikika lafudhi ya Kihangaza au Kishubi, basi huyo si mwenzetu. Ni mtu wa ng'ambo, hafai kukabidhiwa bunduki ya taifa. Sisi wa Ngara na Biharamulo maneno hayo tumeyachoka, na leo twayajibu. Ni sumu, na asili yake ni kasumba ya mkoloni.

Mkoloni ndiye aliyepanga jeshi kwa makabila. Katika K.A.R. alisema hawa ni watu wa vita, wale ni watu wa jembe, na amri akawaachia maofisa wa Kiingereza. Tulipopata Uhuru mwaka 1961 tulilirithi jeshi hilo, likaitwa Tanganyika Rifles. Jina lilibadilika, mwili ukabaki ule ule. Tarehe 20 Januari, 1964, askari wa Kolito wakaasi, na uasi ukafika Tabora na Nachingwea. Serikali yetu changa ikalazimika kuwaita askari wa Kiingereza waje kuuzima. Aibu ilioje!

Tarehe 26 Aprili mwaka huo huo, Tanganyika na Zanzibar ziliungana, na Ulinzi ukawa jambo la Muungano tangu mwanzo. Viongozi wetu hawakutia viraka nguo iliyooza. Jeshi la zamani lilikwisha kuvunjwa, Vijana wa TANU wakaitwa, na tarehe 1 Septemba, 1964, likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Litazameni jina hilo. Si jeshi la Bara, si la Visiwani, wala si la kabila fulani. Sifa iliyotakiwa ni uraia na uaminifu.

Mpango huo ulipimwa kwa moto. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliteka ardhi yetu kaskazini ya Mto Kagera. Wakaitwa askari, wakaitwa na mgambo, watu wa jembe wale wale aliowadharau mkoloni. Tarehe 11 Aprili, 1979, Kampala ilianguka. Nendeni Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wetu. Nani atathubutu kusimama pale na kuuliza marehemu hawa walikuwa na lafudhi gani?

Na sisi mpakani tumeyaona yetu. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia mauaji ya Rwanda. Waliowaona kwanza ni wanakijiji wa Ngara. Basi nani atamtambua mgeni, mkimbizi au jambazi wa msituni, kuliko mtu aliyezaliwa hapa? Kijana anayeelewa Kirundi na Kinyarwanda ni sikio la jeshi. Mwenye akili hakati sikio lake mwenyewe.

Hatusemi mlango uachwe wazi. Mpaka ni mpaka, na uraia hauna budi kuchunguzwa. Lakini uchunguzwe kwa ushahidi: cheti cha kuzaliwa, wazee wa kijiji, viongozi wa kitongoji. Mpaka huu ulichorwa na Wazungu, wala hawakuuliza nani anasema lugha gani. Wala hatutaki jeshi lirudi chamani. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, askari alitolewa katika vyama, na ndivyo ipasavyo. Tunalodai ni kwamba jeshi libaki la wananchi.

Kwa hiyo twasema wazi: nafasi za JKT na za jeshi zitangazwe hadi vijijini, mtoto wa mkulima wa Rulenge na wa Nyakahura apimwe sawa na mtoto wa Dar es Salaam na wa Unguja. Anayekataliwa aambiwe sababu, naye apewe nafasi ya kujibu. Taifa linalowashuku walinzi wa mlango wake limeufungua mlango huo kwa mkono wake lenyewe.

Uhuru na Umoja!