Eti nani anatazama Bunge!

Sema tu kwamba televisheni ya umma inapaswa kurusha vikao vya Bunge mubashara, tangu dua ya asubuhi hadi Spika anapoahirisha shughuli, na kuna mtu atakukata kauli: nani anatazama? Mkulima yuko shambani, mwalimu yuko darasani, mama lishe ana sufuria tatu jikoni. Wanaobaki mbele ya runinga saa tano asubuhi ni wastaafu na vijana wasio na shughuli. Basi wenye kazi zao watengenezewe kipindi cha usiku, kifupi, kilichochujwa, na pesa itakayookolewa ikafanye mambo ya maana.

Hoja hii ilivikwa joho la serikali Januari 27, 2016. Siku hiyo Nape Nnauye, aliyekuwa Waziri wa Habari, alilieleza Bunge mjini Dodoma kwamba TBC, televisheni ya umma, itaacha kurusha vikao moja kwa moja. Gharama, alisema, zimefika shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka, na mchana wananchi wengi wako kazini. Wabunge wa upinzani wakagoma kunyamaza, na kabla siku haijaisha polisi waliingia ukumbini kuwatoa. Tangu hapo amebadilika Rais, amebadilika Spika, mawaziri wa habari wamepishana mlangoni. Hoja imebaki palepale. Naisikia kwa makada, na cha kusikitisha zaidi, naisikia kwa waandishi wa habari.

Ubovu wake uko kwenye kipimo. Tamthilia hupimwa kwa idadi ya watazamaji kwa sababu tangazo la sabuni linalipiwa kwa idadi hiyo. Bunge haliuzi sabuni. Nenda mahakama yoyote ya wilaya siku ya Jumanne: mabenchi ya nyuma yako wazi, pengine yupo ndugu mmoja wa mshtakiwa anasinzia. Sijasikia hakimu akiagiza kesi isikilizwe faraghani kwa kuwa watu hawakujitokeza. Mlango unaachwa wazi kwa sababu wakili, shahidi na hakimu mwenyewe wanajua kwamba yeyote anaweza kuingia wakati wowote. Taarifa Rasmi za Bunge nazo, kurasa kwa kurasa, zinasomwa na wachache kuliko wanaotazama runinga, na hakuna waziri aliyependekeza ziandikwe kwa muhtasari.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa mahesabu hawaligusi: siku kubwa ya Bunge haitangazwi kwenye ratiba. Februari 2008, Dk. Harrison Mwakyembe aliposoma ripoti ya kamati teule kuhusu kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond, nchi iliona kwa macho yake. Edward Lowassa akatangaza humohumo ukumbini kwamba ameandika barua ya kuacha uwaziri mkuu. Novemba 2014 ikaja kashfa ya fedha za akaunti ya Escrow ya Tegeta. Ripoti ya Kamati ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto Kabwe, ilijadiliwa hadi usiku, na kwenye mabaa watu waliacha kudai mpira. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu, Frederick Werema, akajiuzulu, na Waziri Anna Tibaijuka akaondolewa. Ni mpanga vipindi gani angeziona siku hizo miezi sita kabla, aziwekee kamera peke yake? Unalipia siku mia za kuchosha ili siku ya mia na moja isikupite.

Sasa tukiangalie hicho kipindi cha usiku. Anayejua Bunge letu anajua kwamba utamu wa bajeti hauko kwenye hotuba ya waziri. Uko kwenye Kamati ya Matumizi, pale mbunge anaposimama na kusema asipopata maelezo ya kuridhisha anashika shilingi ya mshahara wa waziri. Mara nyingi anaiachia baada ya kubembelezwa. Lakini zile dakika za kubembelezana ndizo zinazoonyesha waziri anajua nini kuhusu wizara yake, nani anamtumia kikaratasi kutoka nyuma, na ni swali gani limeachwa likafa kwa sababu gilotini imefika na mafungu yanapitishwa kwa mkupuo. Ukikata kikao cha saa saba kiwe cha saa moja, ni nini kitaanguka chini? Waziri akikabidhi hundi atabaki. Kikaratasi hakitabaki. Na mwenye mkasi ni mwajiriwa wa taasisi ambayo bajeti yake inapitishwa na ukumbi huohuo.

Wamarekani, ambao C-SPAN yao imeonyesha Baraza la Wawakilishi tangu Machi 1979, walijifunza kwamba swali la maana ni nani anaamuru kamera. C-SPAN inalipiwa na kampuni za kebo, lakini picha za ukumbini hutoka kwenye kamera za Baraza lenyewe. Mei 1984 Spika Tip O'Neill alichoshwa na mbunge wa upinzani Newt Gingrich na wenzake waliokuwa wakihutubia jioni kana kwamba wanajibizana na ukumbi mzima. Akaagiza kamera izunguke, ikaonyesha viti vitupu. Ilikuwa kweli, na ilikuwa pia kisasi cha kisiasa. Kisha njoo Januari 2023: kwa siku kadhaa Baraza halikuwa na Spika, kwani mgombea Kevin McCarthy alihitaji duru 15 za kura. Kamera za C-SPAN zikaruhusiwa kuzurura. Watu wakaona wapinzani wakubwa wakinong'onezana, wakaona wabunge wa chama kimoja wakikaribia kushikana mashati. Spika alipopatikana, kamera zikarudi kwenye utaratibu wa zamani.

Uingereza nako, runinga ilipoingia House of Commons Novemba 21, 1989, baada ya miaka mingi ya kukataliwa, masharti ya mwanzo yalitaka mbunge aonekane kichwa na mabega tu, na vurugu ikizuka picha ihamie kwa Spika. Kila bunge hujua pa kubana.

Eti kamera huwafanya wabunge waigize. Huigiza, ndiyo. Waliigiza kwenye redio, wanaigiza msibani. Tofauti ni kwamba anayeigiza saa tano asubuhi mbele ya kamera isiyokatwa hatimaye huishiwa, na mpiga kura wake anaona alipoishiwa.

Wenzangu wa upande wa mubashara nao waache kujidanganya. Ukumbi si Bunge lote. Ripoti ya Escrow haikuzaliwa ukumbini. Ilipikwa kwenye kamati, kwa nyaraka na maswali ambayo hakuna aliyeyaona. Anayedai ukumbi urushwe halafu akaridhika na milango ya kamati kufungwa amedai sebule akaacha jiko.

Wapo wanaosema mjadala umepitwa na wakati, kwani sasa kuna YouTube. Vizuri. Lakini intaneti inahitaji bando, na saa saba za video zinakula bando la wiki nzima la kijana wa Nkasi. Kwa nini anunue tena kile ambacho kodi yake imeshakilipia, wakati mnara wa TBC uko pale? Hapo ndipo hoja ya gharama inapojikanyaga: studio ya Bunge ipo, kamera zipo, mafundi wapo kazini kila siku ya kikao. Kilichobaki ni kuruhusu picha itoke bila kukatwa, kituo kiwe na mhariri asiyeteuliwa na Spika wala waziri, na kila kikao kihifadhiwe kwa tarehe na kwa muswada, ili mwalimu wa darasani, yuleyule anayetajwa kila mara kwamba yuko kazini, akitoka saa kumi afungue dakika ambayo mbunge wake alisema anaunga mkono hoja kwa asilimia mia moja.