Usambara kwa asiyeweza kutembea: Lami ipo, pa kuteremkia hapana

SAFARI ya gari kutoka Handeni hadi Lushoto, kwa kupitia Korogwe na Mombo, ni ya takriban kilometa 140, na yote ni ya lami. Kwa mtu anayetumia kiti cha magurudumu, au mzee ambaye magoti yamemchoka, hilo si jambo dogo. Kabla ya kipande cha Handeni hadi Korogwe, chenye urefu wa kilometa 65, kuwekwa lami, vumbi na mashimo pekee vilitosha kumfanya mtu wa aina hiyo abaki nyumbani.

Hata hivyo, ugumu wa safari hii sasa unaanza pale gari linaposimama.

Milima ya Usambara ina njia kadhaa za kupandia. Ile ya Amani, kwa upande wa Muheza, ina msitu wa kupendeza, lakini uzuri wake mwingi huonwa na anayetembea kwa miguu. Njia ya kutoka Korogwe kupitia Dindira na Bumbuli kwa miaka mingi imekuwa ya udongo kwa sehemu kubwa, na mtikisiko wake ni adhabu kwa mwenye maumivu ya mgongo. Kwa mwenye ulemavu wa viungo, inayofaa zaidi ni ile ya Mombo, kwa sababu moja: mandhari yake huonekana mtu akiwa amekaa kitini.

Katika kilometa 33 tu, barabara hiyo hupanda takriban mita 1,000, bonde likiwa ubavuni. Maporomoko ya maji ya Soni huonekana hata kutoka barabarani. Kona zake, lakini, ni nyingi na kali. Asiyeweza kujishikilia hana budi kufungwa mkanda na kuwekewa mito pande zote mbili, na dereva aambiwe mapema kwamba haraka haina nafasi.

Tatizo ni kwamba barabara ni nyembamba, na sehemu pana za kuegesha gari kwa usalama ni chache mno. Anayehitaji dakika kumi kushuka hawezi kushukia kwenye kona ambako mabasi madogo ya Lushoto hupita kwa kasi. Matokeo yake, anatazama mandhari yakimpita dirishani.

Mfano mwingine ni genge la Irente, takriban kilometa tano kutoka Lushoto mjini, ambako nyika ya Wamasai huonekana chini kama ramani. Gari hufika karibu, lakini hatua za mwisho juu ya mawe zinahitaji miguu. Inashangaza kidogo, kwa kuwa Irente hiyo hiyo inajulikana kwa shule yake ya watoto wasioona.

Kisheria, suala hili halina utata. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 30 kinataja waziwazi huduma za utalii. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, inayotaka majengo na huduma za umma zifikike. Lakini mpango wa safari hauongozwi na sheria iliyo kabatini. Unaongozwa na choo: kipo wapi, mlango wake una upana gani, na una ngazi ngapi. Maswali hayo ni ya kuuliza kwa simu kabla ya kuondoka Handeni, hususan kwa hoteli za Lushoto, kwani jibu la "tunapokea wote" mara nyingi humaanisha wahudumu watambeba mgeni.

Msimu nao una uzito wake. Machi hadi Mei ni masika, na udongo wa milimani huteleza. Oktoba 2019 mvua kubwa zilikata barabara ya Korogwe-Handeni yenyewe. Mwenye afya anaweza kushuka na kuvuka kwa miguu hadi gari la upande wa pili. Wa kiti cha magurudumu hukaa palepale mpaka njia ifunguliwe.