Chanzo cha Kifafa Chaweza Kuwa Shingoni

Mwanafunzi akianguka darasani na kutetemeka viungo, aghalabu husemwa ana kifafa. Mtu mzima akianza kusikia sauti zisizosikiwa na wengine, husemwa amepagawa na pepo. Hukumu hizo hutolewa upesi, na zikishatolewa ni shida kufutika. Hata hivyo, wako wagonjwa ambao kasoro yao ya asili haimo ubongoni: kilichopungua ni kalsiamu katika damu.

Shingoni, nyuma ya tezi thairoidi, ziko tezi nyingine, kwa kawaida nne, kila moja kiasi cha punje ya mchele. Hizo ni tezi parathairoidi, zilizoelezwa katika mwili wa binadamu na Ivar Sandström wa Uppsala, Uswidi, mwaka 1880. Homoni itokayo humo huidhibiti kalsiamu ya damu, isipungue miligramu 8.5 hivi katika mililita 100. Ikishuka mno, neva huchochewa na jambo dogo tu: midomo na vidole hufa ganzi, misuli hukakamaa, kisha huweza kufuata degedege, wasiwasi, huzuni nzito, hata kurukwa na akili. Mwaka 1909, huko Marekani, MacCallum na Voegtlin walionyesha kwamba mbwa walioondolewa tezi hizo na kukakamaa misuli walitulia walipotiwa kalsiamu.

Sababu kubwa ya upungufu huo kwa watu wazima ni upasuaji wa shingo, kama ule wa kuondoa rovu, ambapo tezi hizo huweza kujeruhiwa. Kwa hiyo, kovu la shingoni ni ushahidi usiofaa kupuuzwa. Tena, baadhi ya dawa za kifafa, kama fenitoini, zikitumiwa muda mrefu huweza kuipunguza zaidi kalsiamu. Mgonjwa aliyekosewa jina la ugonjwa huenda akadhurika kwa tiba yenyewe.

Si kwamba kila kifafa kina asili hiyo, wala mgonjwa asiache dawa bila shauri la daktari. Lakini ni haki ya kila apatwaye na degedege au wazimu usiojulikana chanzo kupimwa kalsiamu kabla ya kubandikwa jina la maisha, kwani upungufu huo hutibika kwa kalsiamu na vitamini D. Mwalimu wa biolojia naye asiridhike na wanafunzi kukariri majina ya homoni. Wakijua kazi yake, watamwambia jirani aende hospitali, wala hawatamcheka.