Kompyuta pekee haitawakinga wazee wetu

Shangazi yangu alipoanza kuuliza swali moja mara tano kabla ya chai kupoa, majirani hawakusema kwamba anaugua. Walinong'ona. Alipopotea katika njia ya kisimani aliyoizoea tangu usichana, akakutwa usiku nje ya nyumba ya watu, minong'ono iligeuka tuhuma: mchawi. Tulimwondoa kijijini mapema. Wengine hawakubahatika. Mnamo Oktoba 2021, huko Kisii, wanawake wanne walioshukiwa kuwa wachawi waliuawa na umati.

Ndiyo maana niliyapokea kwa furaha matokeo ya utafiti yaliyotangazwa nchini Marekani mwaka wa 2026. Utafiti huo, uitwao ACTIVE, ulianza mwaka wa 1998 kwa watu wapatao 2,800 wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Waligawanywa katika makundi manne. La kwanza lilifunzwa mbinu za kukumbuka, la pili kufikiri kimantiki, la tatu kuona na kuamua upesi kwa kompyuta, na la nne halikupewa mafunzo yoyote. Katika zoezi la kompyuta, picha ya gari humulika kidogo tu katikati ya kioo, na nyingine pembeni. Sharti mzee aseme ni gari la aina gani, na ile ya pembeni ilikuwa wapi. Akifaulu, picha huzidi kupita kasi.

Baada ya miaka 20, ilidhihirika kwamba waliofanya zoezi hilo la kompyuta, kisha wakarudi kwa vipindi vya ziada, walipungukiwa na hatari ya kupatwa na dimenshia, yaani maradhi ya akili kufifia, kwa asilimia 25. Makundi mengine hayakuonyesha tofauti kama hiyo, wala wale ambao hawakurudia.

Hii ni habari njema. Hata hivyo, nawasihi wenzangu tunaoishi mijini tusikimbilie kununua simu na kuwatumia wazazi kijijini, kisha tukadhani tumetimiza wajibu. Kwanza, si kila mchezo ni dawa. Mwaka wa 2016, kampuni iliyouza michezo ya Lumosity ililazimika kulipa dola milioni 2 nchini Marekani, kwa kutangaza bila ushahidi wa kutosha kwamba michezo yake huzuia akili kufifia uzeeni. Pili, wazee wale wa utafiti hawakuachiwa mashine. Waliketi katika vikundi vidogo wakiwa na mkufunzi, na baadaye wakaitwa tena.

Tatu, zoezi la macho litamfaa nini mzee mwenye mtoto wa jicho? Mwaka wa 2024, jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayochangia dimenshia, yakiwemo shinikizo la damu, kisukari, upweke, na uziwi na upofu usiotibiwa. Yakiondolewa yote, karibu nusu ya visa vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Mengi kati ya hayo hayangoji kompyuta. Yanangoja zahanati yenye kipimo cha shinikizo na mhudumu aliye tayari.

Kifungu cha 57 cha Katiba yetu ya mwaka wa 2010 kinawahakikishia wazee haki ya kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na kutunzwa na jamaa zao pamoja na serikali. Basi serikali za kaunti na ziwapime wazee macho, masikio na shinikizo la damu. Mazoezi haya nayo yaletwe katika kumbi za jamii, chini ya wakufunzi. Na machifu, katika kila baraza, watamke waziwazi kwamba mzee anayesahau ni mgonjwa, si mchawi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Shangazi alifariki akiwa halijui tena jina langu. Kompyuta labda ingalimfaa miaka 20 kabla ya hapo. Neno la chifu lingalimfaa usiku ule ule alipopotea, naye angalizeeka na kufia kwake.