Nani ana ufunguo wa geti la ngazi?

UPANDE HUU WA JOGOO ROAD
Na Halima Mutua

Katika mikutano ya wazazi huku kwetu Eastlands, mazungumzo ya usalama wa shule huanzia getini na kuishia getini. Mama wa Kayole atauliza ukuta utaongezwa lini. Wa Umoja atataka kujua ilikuwaje soja akamwachilia mtoto wa darasa la pili aondoke na mjomba ambaye hakuna anayemjua. Baba mmoja kule nyuma atapendekeza kamera, mwingine atalalamika kuwa vipande vya chupa juu ya ukuta vimepoteza makali, na mwenyekiti, akiona saa sita inakaribia na karo haijatajwa, atasema hoja zote zimeandikwa. Mwaka unapita, ukuta unapanda mistari mitatu ya mawe, nasi tunalala tukiamini watoto wamelindwa.

Woga huo una msingi. Watoto hupotea katika mitaa hii, na picha zao huzunguka kwenye simu zetu kila wiki. Jumapili ya Septemba 30, 2012, guruneti lilirushwa katika kanisa la St Polycarp pale Juja Road watoto wakiwa kwenye shule ya Jumapili. Mtoto mmoja alikufa, wengine wakajeruhiwa. Aliyekuwa akiishi Eastleigh, Pangani au Huruma miaka ile hahitaji kuelezwa kwa nini mifuko ilianza kupekuliwa mpaka kwenye shule za chekechea.

Hata hivyo, tazama majanga makubwa ya shule zetu za msingi na sekondari tangu mwisho wa miaka ya tisini. Ni nadra ukute mgeni aliyepenya getini. Utakachokuta mara kwa mara ni watoto waliokosa pa kutokea.

Bombolulu, kule Pwani, Machi 1998: zaidi ya wasichana 20 waliteketea katika bweni lenye vyuma madirishani na mlango uliofungwa. Kyanguli, Machakos, Machi 2001: wavulana 67. Bweni lilikuwa na milango miwili, mmoja umetiwa kufuli, na madirisha nayo yana vyuma. Asumbi, Homa Bay, Agosti 2012: watoto 8 wa shule ya msingi, na mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Nikisoma habari hizi huwa namfikiria aliyenunua kufuli. Hakuwa muuaji. Alikuwa anazuia wasichana wasifuatwe usiku, au wavulana wasitoroke, au magodoro yasiibwe. Bila shaka wazazi walimshukuru.

Utaniambia hayo ni mambo ya mabweni, na wako analala nyumbani Donholm. Basi twende Kakamega. Februari 3, 2020, jioni, katika Shule ya Msingi ya Kakamega hakukuwa na moto wala jambazi. Watoto walikuwa wanatoka madarasani kurudi kwao, kama wanavyotoka kila siku. Wakasongamana kwenye ngazi, wakaangukiana, na wasiopungua 13 wakafa. Ngazi tu, na saa ya kwenda nyumbani.

Sasa panda nami ngazi za shule za huku. Nazungumzia hasa zile zilizomo ndani ya maploti ya Pipeline, Tassia, Mathare North na Kayole, maana shule za serikali za Eastlands, zile za tangu enzi za Makadara na Jericho kujengwa, angalau zina uwanja hata kama darasa lina watoto 80. Ploti ilijengwa iwe nyumba za kupangisha, chumba kimoja kimoja. Mwekezaji akabomoa kuta mbili tatu, akapaka rangi ya manjano, akachora Mickey Mouse mwenye uso wa kutia shaka, akafungua shule. Chini kuna duka la M-Pesa na muuza mitungi ya gesi. Ngazi ni moja, upana wake watu wazima wawili wapishane kwa mabega. Na kila ghorofa, pale ngazi inapokutana na korido, kuna geti la vyuma lenye kufuli, lililowekwa enzi za wapangaji ili wezi wa viatu na nguo za kwenye kamba wasipande. Shule ikalirithi, ikalipenda, kwa sababu watoto wa chekechea hawawezi kutoroka.

Swali langu kwa mwalimu mkuu ni moja. Ufunguo wa geti hilo yuko nao nani, saa nne na robo asubuhi, soja akiwa ameenda kunywa chai?

Wizara ya Elimu ilishajibu mambo haya kwa maandishi. Mwongozo wake wa viwango vya usalama shuleni ulitolewa mwaka 2008, na si maandishi mabaya hata kidogo. Unasema mlango wa darasa ufunguke kwa nje, na usifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Unasema madirisha yasiwe na vyuma. Jengo la ghorofa liwe na ngazi pana, pande zote mbili za jengo. Kila shule iwe na kamati ndogo ya usalama ambayo wazazi wamo. Nimewauliza wazazi wengi wa mitaa hii kama wanamjua hata mjumbe mmoja wa kamati hiyo katika shule zao. Wengi wananitajia wa kamati ya chakula.

Hapa ndipo mzazi wa Eastlands anapobanwa, na sidhani wanaoandika sera huko mjini wanalielewa hili. Anaiona ngazi. Anapanda yeye mwenyewe kwenda kuchukua ripoti na anashika ukuta. Ila akilalamika kwa nguvu na wakaguzi wakaja, dawa wanayoijua wakaguzi ni kufunga. Precious Talent ilipoporomoka Ng'ando mnamo Septemba 23, 2019, ikaua watoto wasiopungua 7, ilifungwa, na shule za mabati kote mijini zikaanza kutetemeka. Baada ya moto wa Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, uliochukua wavulana 21, serikali ilifunga mabweni ya shule za msingi zaidi ya 300. Huenda mabweni hayo yalistahili kufungwa. Lakini ukifunga shule ya ploti Mukuru, mtoto wa miaka sita atakwenda wapi? Shule ya umma iliyo karibu iko ng'ambo ya Outering Road, na imejaa. Kwa hiyo mzazi ananyamaza. Ukimya wake unachukuliwa kuwa hajali, kumbe amepiga hesabu na ameona njia zote mbili zina hatari.

Ningependa wakaguzi wawe na kitu kingine mkononi kati ya kupuuza na kufunga. Geti la ngazi linaweza kupewa wiki mbili. Vyuma vya dirishani ni kazi ya fundi wa Kamukunji au Burma: aliyevichomelea ndiye atakayevikata, avitie bawaba na komeo la ndani ambalo mwalimu analisukuma kwa mkono mmoja. Mlango unaofunguka kwa ndani unageuzwa kwa siku moja. Ngazi ya pili ni gharama, hilo sibishi, na mwenye ploti atalia. Alie.

Nikija kwenye mazoezi ya dharura, naomba tusikurupuke. Kuna wazazi, hasa wa shule zenye ada ya juu kidogo kule Buruburu na Komarock, ambao wameanza kudai watoto wafanyiwe zoezi la kujihami kwa kushtukizwa, eti ndiyo waone uhalisia. Nchi hii ilishaonja uhalisia huo. Aprili 2, 2015 magaidi waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Siku kumi baadaye, alfajiri, hitilafu ya umeme ililipuka katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wakadhani wamevamiwa, wakaruka madirishani. Mmoja akafa na zaidi ya 100 wakaumia. Halafu Novemba 30 mwaka huo huo, Strathmore ikafanya zoezi la shambulio ambalo wengi waliokuwamo hawakujua kuwa ni zoezi. Milio ya risasi ikasikika, watu wakajirusha kutoka ghorofani, na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha. Hao walikuwa watu wazima wa chuo kikuu. Mtoto wa darasa la kwanza ukimtisha hivyo, mwezi mzima atakojoa kitandani na hatakumbuka njia ya kutokea.

Zoezi linalofaa halina mbwembwe. Watoto wanaambiwa kabla, kengele inapigwa, darasa la chini linatoka kwanza, wanatembea hadi mahali palipopangwa, wanahesabiwa, wanarudi kusoma. Kila muhula. Kwa shule ya ploti isiyo na uwanja, mahali hapo ni lazima patafutwe kwa majirani mapema: uwanja wa kanisa, msikiti, karakana ya magari. Usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lilipolipuka Mradi, Embakasi, watu zaidi ya 270 waliumia na moto ukapita juu ya nyumba na maghala. Ilikuwa yapata saa tano unusu usiku, na watoto walikuwa makwao. Mlipuko kama ule ukitokea saa nne asubuhi, mwalimu wa PP2 mwenye watoto 40 ataelekea upande gani? Asiyejua atawarudisha darasani na kufunga mlango, nami sitamlaumu, maana hakuna aliyemwambia lolote.

Bado sijafika kwenye jambo linalonisumbua zaidi, nalo ni mtoto kumfikia mzazi wake. Julai 12, 2023, siku ya maandamano, vitoa machozi viliingia Shule ya Msingi ya Kihumbuini, Kangemi, na watoto 53 wakapelekwa hospitali. Wiki iliyofuata serikali ilifunga shule za kutwa Nairobi na Mombasa kwa siku moja, na tangazo lilitoka jioni ya kuamkia siku yenyewe, mama mboga akiwa ameshapanga kuwahi Marikiti alfajiri. Saba Saba ya 2025 ikaja Jumatatu, barabara za kuingia mjini zimewekwa vizuizi. Jogoo Road ikifungwa, mzazi aliyeko Industrial Area hafiki Umoja kabla ya usiku. Simu ya shule inaita haipokelewi kwa sababu wazazi 300 wanaipiga kwa pamoja. Kwenye kikundi cha WhatsApp kuna sauti ya mama anayelia, video ya mwaka juzi inayosambazwa kama ya leo, na mtu anayeuliza kama karo ya basi itarudishwa.

Siku kama hiyo kuna shule zinazofungua geti na kuwaachilia watoto wajiendee. Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko ukuta mfupi. Nyingine humng'ang'ania mtoto hadi mama mzazi aje mwenyewe, hata kama shangazi yake amesimama hapo nje na kitambulisho mkononi na moshi unakaribia. Zote mbili zinaonyesha hakuna aliyekaa chini kupanga. Mpango wenyewe ni karatasi moja kwa kila mtoto: majina ya watu watatu wanaoweza kumchukua, angalau mmoja awe anaishi mtaa huohuo kwa umbali wa kutembea, na nambari zao. Karatasi ikae kwenye faili ambalo mwalimu wa darasa analibeba anapotoka, kwa kuwa kompyuta ya ofisini haitatoka naye. Na ujumbe wa shule uwe mmoja, kutoka nambari moja, kwa SMS ya kawaida inayofika hata kwa mwenye kabambe.

Kaunti ya Nairobi nayo ina kazi yake hapa. Kikosi chake cha zimamoto ndicho kinachopaswa kukagua majengo haya, na magari yake kutoka Tom Mboya au Industrial Area hayawezi kupenya baadhi ya vichochoro vya Pipeline hata kwa miujiza. Shule nyingi za huku hubandika karo ukutani kwa herufi kubwa, pamoja na nambari ya benki na tarehe ya mwisho ya kulipa. Cheti cha zimamoto kibandikwe papo hapo chini yake, kikiwa na tarehe ya ukaguzi. Pasipo na cheti, mzazi aulize mbele ya wenzake, kabla mwenyekiti hajafika kwenye ajenda ya karo, na asiketi mpaka geti la ngazi lifunguliwe wote waende kuliona.