BENKI IKO MBALI, MKEBE UKO CHINI YA KITANDA

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Siku moja mwalimu wetu wa Biashara (aniwie radhi) alisema wazee huficha pesa nyumbani kwa sababu ya kutojua. Darasa zima likacheka. Nami nilicheka, lakini nilipofika nyumbani nikaona haya.

Nyanya yangu anaijua benki. Kutoka kwetu huku Kitui kusini, kuifikia ni matatu mbili, na nauli ya kwenda na kurudi ni bei ya kuku. Mwaka 2019 Benki Kuu ilitangaza kuwa noti za zamani za shilingi 1,000 zisingetumika tena baada ya tarehe 30 Septemba. Nyanya alikuwa nazo 11 kwenye mkebe wa Kimbo, pesa za mbuzi. Akaenda mjini wiki ya mwisho, akapiga foleni mpaka saa tisa, kisha akaambiwa mitambo imelala, arudi kesho. Kesho! Kwa nauli ipi? Wala si yeye peke yake, maana nchini kote noti zaidi ya milioni 7 hazikurudishwa. Jamani, hao wote walikuwa wezi?

Sikatai kwamba mkebe ndio uliomtia hasara. Pesa hizo zingekuwa kwenye akaunti, zingekuwapo hadi leo. Tena tangu 2020, benki ikifilisika, shirika la serikali la bima ya amana humlipa mwenye akaunti hadi shilingi 500,000. Nilimweleza Nyanya hayo yote. Akaniuliza, "Ofisi yao iko wapi?" Nikasema Nairobi. Akaendelea kupeta ndengu zake.

Lakini mama wa duka letu, anayeweka na kutoa pesa za M-Pesa, anamwamini kabisa. Kwani simu anaielewa? Hata ujumbe ni mimi humsomea. Anamwamini kwa kuwa wanaimba kwaya pamoja, na pesa ikipotea anajua mlango wa kubisha.

Benki ziliruhusiwa kuweka mawakala madukani tangu 2010, ila wakala wa karibu nasi yuko sokoni, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na siku ya mnada humwishia pesa kabla ya adhuhuri. Basi benki zitusogelee kwanza, ndipo tuwacheke wazee.

Karo yangu ya muhula huu ilitoka kwenye simu. Pesa alizoweka Nyanya kwa ajili ya mazishi yake bado ziko kwenye mkebe, pamoja na zile noti 11.