Klabu Ikihama, Isiache Asili

Huko Australia, North Sydney Bears, klabu ya raga ya watu 13 iliyoundwa 1908, ilitoka ligi kuu 1999. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba jina hilo la Bears litarejea 2027, lakini mjini Perth, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka kwao. Je, itahama klabu au jezi tu?

Mimi natazama hapa Shela. Mwishoni mwa karne ya 17 wazee wetu waliihama Takwa, ng'ambo kisiwani Manda. Walihama watu, si jina. Na wana wao huvuka kulizuru lile kaburi la mnara na kumwomba Mungu mvua.

Kuhama si aibu. Mwacha asili ndiye mtumwa. Basi Perth nao wawe na siku ya kurudi kuzuru.